Anti, nimalize shule ama nichukue kiti Kenyatta Market?

Anti habari yako. Mimi ni msichana wa miaka 17, nitafikisha 18 mwezi wa kumi na moja, tunaishi Kibera na mamangu na ndugu yangu mdogo. Niko kidato cha tatu shule ya kutwa, naomba nisiitaje. Naandika saa tano usiku na simu ya mama kwa sababu yangu skrini ilipasuka, ukiona makosa nisamehe.

Wacha nianze na nyumbani ndio uelewe. Baba alitoka 2019 akasema anaenda kutafuta kazi Mombasa na mpaka leo hatujui kama yuko hai, tulizoea. Mama ndiye alikuwa anatubeba, anafulia watu nguo kule Ngumo na Highrise, siku nzuri anafua nyumba mbili. Mwaka jana mwezi wa saba akaanguka na ndoo ya maji kwenye ngazi za ploti ya watu, akaumia nyonga, na tangu hapo kufua ni siku mbili kwa wiki na akifua jioni yake hata kugeuka kitandani ni shida. Kodi ya nyumba ni 3,500. Chakula unajua mwenyewe vile bei iko.

Kusuka nilijua nikiwa darasa la sita, nilikuwa nasuka watoto wa ploti Jumapili shilingi hamsini hamsini. Likizo ya Disemba iliyopita jirani akanipeleka Kenyatta Market kwa madam mmoja ana kibanda cha kusuka. Nilianza tu kwa kumchambulia nywele na kumshikia, na kuchovya ncha kwa maji moto mteja akimalizwa, lakini wiki mbili hazikuisha akaona mkono wangu ni mwepesi akaniacha nisuke nyuma ya kichwa wao wakisuka mbele, pesa tunagawana. Anti, ile Disemba sijawahi shika pesa kama hiyo maisha yangu. Kuna siku nilirudi na 1,800. Nililipa kodi ya miezi miwili, nikalipa deni la duka, nikamnunulia mama dawa ya maumivu na gesi ikajazwa, mama akaketi pale kwa stuli akalia. Hiyo siku nilijiskia mtu mkubwa.

Tangu hapo naenda kila Jumamosi na likizo zote. Na sasa hapa kuna kitu sijaambia mtu. Muhula huu umeisha nilikuwa naenda na Ijumaa pia. Natoka nyumbani na yunifomu, naingia choo cha soko nabadilisha, jioni navaa yunifomu tena narudi nyumbani kama nimetoka darasani. Zimefika Ijumaa saba. Mwalimu wa darasa aliniuliza nikasema nilikuwa nampeleka mama hospitali, na kuna siku moja ilikuwa kweli, zile zingine hapana.

Sasa madam ameniambia msusi wake mmoja anaolewa anahamia Nakuru, kiti chake kitabaki, na ananipea mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kiti ni 200 kwa siku, upate mteja usipate, lakini kile unasuka ni chako. Anataka jibu kabla shule zifunguliwe hii muhula wa tatu kwa sababu nikikataa kuna msichana mwingine anangoja.

Upande wa shule niko na deni la 11,500. Nimerudishwa nyumbani mara mbili mwaka huu. Na kusema ukweli sina kichwa cha shule, kidato cha pili muhula wa kwanza nilikuwa na C, Biashara nilipata B minus, lakini nimekuwa nikishuka mpaka juzi nimepata D plus. Nikifika KCSE kidato cha nne na D plus nitafanya nini nayo? Binamu yangu alimaliza chuo kikuu 2021, digrii imekaa kwa bahasha chini ya godoro na yeye anaendesha boda Kawangware, asubuhi anatafuta pesa ya mafuta sawa na yule hakuona darasa.

Na kuna ndugu yangu. Yeye ako gredi ya tisa, anafanya mtihani mwisho wa mwaka, Januari aingie gredi ya kumi. Huyo ndiye ako na kichwa, walimu wote wanasema. Akiitwa shule ya bweni tutatoa wapi godoro, sanduku, yunifomu, karo? Mimi nafikiria nikitoka naweza kumlipia. Si ni heri mmoja afike kuliko wote wawili tukwame njiani?

Mpango wangu ni nipumzike mwaka mmoja tu. Nikusanye pesa, mama apate nafuu, ndugu yangu akae shule yake, halafu nirudi nirudie kidato cha tatu nikiwa nimetulia. Lakini nilipomwambia rafiki yangu tunaketi dawati moja alinyamaza siku mzima, jioni akaniambia "ukienda hurudi." Hiyo neno imekataa kunitoka.

Mama sijamwambia. Naogopa atakataa, na naogopa pia atakubali.

Tafadhali usiniambie tu elimu ni ufunguo wa maisha, hiyo nimeimbiwa tangu nasari. Niambie kitu naweza kufanya.

Msusi wa Kibera

*

Mwanangu, asante kwa kuniandikia na asante zaidi kwa kuniambia ile habari ya Ijumaa, najua haikuwa rahisi. Nimesoma barua yako mara tatu. Ufunguo sitakuimbia, nakuahidi.

Wacha nikurudishie nilichosikia uone kama nimekuelewa. Mama aliumia na nyumba ikayumba, wewe ukagundua mikono yako inaweza kuishikilia, na tangu siku ile ulipomwona mama akilia kwa shukrani kitu ndani yako kilibadilika, ukawa si mtoto tena kwa hiyo nyumba. Sasa kiti kimepatikana, deni la shule liko, ndugu yako anakuja nyuma na kichwa kizuri, na wewe unaona ni kama hesabu imejipiga yenyewe, mtu wa kutoka ni wewe. Halafu rafiki yako akasema maneno mawili na hesabu ikakataa kutulia. Ni hivyo?

Lakini mstari ulionishika ni ule wa karibu na mwisho, kwamba unaogopa mama atakataa na unaogopa pia atakubali. Akikataa, utabaki na njaa ya nyumba na hatia ya kutosaidia. Akikubali je? Mimi nadhani, na unirekebishe kama nakosea, kuna sehemu yako ambayo bado inataka mtu mzima aseme "hapana mwanangu, huu mzigo ni wangu, wewe rudi darasani." Akikubali utajua huyo mtu hayupo. Hiyo hofu ni ya kweli na haina aibu yoyote. Una miaka 17. Mtu wa miaka 17 ana haki ya kutaka kubebwa hata kama mikono yake inaweza kubeba.

Sasa tuongee mambo yenyewe, na nianze na mpango wako wa mwaka mmoja kwa sababu hapo ndipo niliposhtuka.

Hebu tembea shuleni kwenu kwa mawazo. Nyuma yenu kuna kidato cha pili? Hakuna. Kidato cha kwanza? Hakuna. Nyinyi mlifanya KCPE ya 2023, ule mtihani wa darasa la nane, ambayo ilikuwa ya mwisho kabisa, mkaingia kidato cha kwanza Januari 2024, na nyuma yenu mlango wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani, ukafungwa. Walio chini yenu ni gredi ya kumi wa CBC, mfumo mpya, vitabu vingine, masomo mengine, mitihani mingine. Mwaka ujao 2027 nyinyi mtakuwa kidato cha nne na ndio mtafunga ukurasa wa KCSE ya kawaida. Kwa hivyo ukisema utapumzika mwaka mmoja halafu urudie kidato cha tatu, mwanangu, mwaka ujao hakutakuwa na kidato cha tatu cha kurudia. Sio shule yenu tu, nchi nzima. Dada zako wakubwa walioacha miaka ya nyuma wangeweza kurudi wakaketi na wadogo wao darasani, wengi wamefanya hivyo, hata wenye watoto. Wewe uko kwa basi la mwisho la hiyo laini.

Sikuambii hivi nikutishe. Nakuambia kwa sababu umekuwa ukipima mambo mawili, kuacha kidogo ama kubaki, na hilo la kuacha kidogo kwa namna ulivyolipanga sioni pa kulishikilia. Ukitoka sasa, njia ya kurudi darasani ninayoiona ni ile ya kurudi Januari pamoja na wenzako moja kwa moja kidato cha nne, ukiwa umekosa muhula mzima, na usajili wa KCSE huwa unafanywa miezi ya kwanza ya mwaka kwa hivyo hakuna nafasi ya kuvutavuta. Pengine rafiki yako alikuwa anajua hilo ndio akanyamaza siku mzima. Ama pengine alikuwa tu anakupenda.

Sasa njoo kwa kiti. Nakubali kabisa kwamba kusuka ni kazi, na kazi nzuri. Nimeketi Kenyatta Market miaka mingi, najua wanawake waliosomesha watoto mpaka chuo na hizo vidole, na nakwazika nikisikia mtu akisema "ni msusi tu." Kwa hivyo sidharau hata kidogo. Lakini nina maswali. Umeshinda pale Jumamosi, Ijumaa, na likizo, yaani siku ambazo watu wanasukwa, wakati wa harusi, wakati wa kuenda ushago, wakati mama wanaleta wasichana kusukwa kabla shule zifunguliwe. Jumanne ya Februari hujawahi kuiona. Jumatano ya Mei mvua ikinyesha tangu asubuhi hujawahi kuiona. Waulize wale waliokaa hapo miaka kumi, si madam, hao wengine, Januari ikifika wanafanyaje? Waambie wakuonyeshe siku mbaya si siku nzuri. Na waulize mgongo na magoti yanasemaje, kwa sababu wewe kwa mama yako tayari umeona mwili ukikataa kazi nyumba nzima inatikisika.

Halafu hesabu hii umeipiga? Kiti ni 200 kwa siku upate usipate. Sahii wewe hulipi kiti, unagawiwa tu. Ukikaa siku 26 kwa mwezi hiyo ni 5,200 inatoka kabla hujanunua chai, ni zaidi ya kodi ya nyumba yenu. Inaweza kulipa, sijasema haiwezi, lakini ile 1,800 ya Disemba isiwe ndio kipimo chako. Chukua daftari, andika kila siku ya hii likizo iliyobaki, ulipata ngapi, siku gani ulirudi mkono mtupu. Ulipata B minus ya Biashara, hiyo ndiyo Biashara yenyewe.

Na madam. Simjui na sina sababu ya kumsema vibaya, alikufungulia mlango. Lakini mtu akikupa siku chache kuamua jambo la maisha, ujue hiyo haraka ni yake si yako. Msusi mwenye mkono mwepesi hapotezi thamani mwaka mmoja na nusu. Jaribu kumwuliza hivi, madam, nikikaa na Jumamosi na likizo mpaka KCSE iishe utanipatia nafasi 2027 mwisho? Jibu lake litakuonyesha kama anakutaka wewe ama anataka tu mtu yeyote akae hapo alipe 200. Kuna na jambo la sheria niliseme haraka nipite, mpaka ufikishe 18 wewe ni mtoto, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inataka mtoto awe shuleni, kwa hivyo chifu akiamua kufuatilia swali litamwangukia mama yako, na madam naye anaweza kuulizwa mbona ana mtoto wa shule kibandani Ijumaa asubuhi. Mama na nyonga yake hahitaji hiyo.

Umeniambia huna kichwa cha shule. Hapo nimekataa, na ushahidi ni wako mwenyewe. C na B minus ulipata muhula wa kwanza wa kidato cha pili, mwanzo wa mwaka jana. Mama aliumia mwezi wa saba mwaka huo huo. Ndipo ukaanza kushuka. Baadaye umekosa Ijumaa saba na kurudishwa nyumbani mara mbili, na Jumamosi umesimama kutwa, sijui Jumapili unasoma na nguvu gani. Hicho si kichwa kibaya mwanangu, hicho ni kichwa kimechoka. Ukiamua kuacha, acha kwa sababu zingine, lakini usiondoke ukiamini ulikuwa mjinga, kwa sababu hiyo imani itakufuata mpaka utu uzima.

Kuhusu D plus nitafanya nini nayo, hata hapo kuna vitu vya kujua. Watu wanaongea kama KCSE ni ya chuo kikuu peke yake. Chuo kikuu ni C plus, sawa. Lakini diploma ni C minus, na wewe ulikuwa juu ya hapo kabla ya haya yote. Cheti cha ufundi ni D. Hata walio chini ya hapo kuna kozi za ufundi za kuanzia. Polisi wakiandika watu wanaitisha hicho cheti. Binamu yako wa Kawangware namwonea uchungu, na hasira yako juu ya jambo hilo ni ya haki, vijana wetu wamesoma na kazi hakuna, sitakudanganya kwamba karatasi inaleta mkate. Lakini boda hakuipanda kwa sababu alisoma. Angeacha kidato cha tatu angekuwa kwa boda hiyo hiyo, tofauti ni kwamba nafasi ikitangazwa leo yeye anaweza kutuma maombi.

Na ukiacha pia sio giza tupu, niseme hilo kwa haki. NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, wana mitihani ya ufundi, kuanzia daraja la tatu mpaka la kwanza, na ususi wa nywele umo ndani, mtu anapimwa kwa kazi ya mkono wake. Kuna na utaratibu wa kutambua ujuzi ulioupatia kazini bila darasa. Msusi mwenye karatasi ya NITA anaweza kufundisha, anaweza kuajiriwa kwa saluni kubwa. Kwa hivyo ukichukua kiti, usichukue kiti tu, panga na hiyo. Nakuomba.

Sasa ndugu yako. Hapa nitakusimulia kitu. Nilifundisha shule ya kutwa huko Eastlands kabla nianze hii kazi ya kusikiliza watu, na nilikuwa na msichana, nisimtaje, aliacha kidato cha tatu akaenda kuuza mtumba Gikomba ili mdogo wake asome. Alifanya vizuri, miaka kadhaa akawa na kibanda chake. Usiku wa moto wa Juni 2018, ule uliua watu 15, kibanda kikaungua chote. Alikuja kuniona nikidhani atalia juu ya mzigo. Hakulia juu ya mzigo. Alikuwa ameenda kwa mdogo wake kuomba msaada na katika kukosana mdogo wake akamwambia, "mimi sikukuomba uniachie shule." Hilo ndilo lilimvunja. Na mdogo wake naye nilikutana naye baadaye, alikuwa ameishi miaka yote hiyo na deni ambalo hakuna mtu anaweza kulilipa, kila akifeli mtihani anahisi amemwibia dada yake. Wote wawili walikuwa wanapendana, na wote wawili walikuwa wanaumia kwa sababu ya zawadi ambayo haikuongelewa siku ile inatolewa.

Ndugu yako umemwuliza? Unasema akiitwa bweni mtatoa wapi. Je akienda gredi ya kumi shule ya kutwa, kama wewe? Je yeye mwenyewe anataka nini? Ana miaka kumi na nne, kumi na tano, anaona mama anavyolala, ana macho. Umempangia maisha yake kwa upendo, lakini umempangia peke yako saa tano usiku.

Deni la 11,500 tuliangalie pia, kwa sababu watu wengi wanaliogopa bila kulifungua. Masomo ya kutwa serikali ilianza kuyagharamia 2008, na kiwango kilichowekwa kwa kila mwanafunzi kwa mwaka ni 22,244. Kwa hivyo ile mnaitishwa mara nyingi ni chakula cha mchana na mambo mengine mengine. Mama ama mtu mzima mwingine aende ofisini aombe mchanganuo, kila shilingi ni ya nini, halafu aombe kulipa kidogo kidogo kwa tarehe zilizoandikwa. Wewe ulikuwa na 1,800 kwa siku moja ya Disemba, deni kama hilo linaweza kupungua kwa Jumamosi kadhaa bila kugusa Ijumaa. Basari mjaze, ile fomu inahitaji muhuri wa shule na wa chifu kwa hivyo anza mapema, lakini usiweke moyo wote hapo kwa sababu huwa inachelewa. Na mwalimu wako wa darasa aliyekuuliza, mwanangu, aliuliza kwa sababu aliona. Mwambie ukweli, hata nusu yake. Katika miaka yangu ya kufundisha mtoto aliyekuja akasema "mwalimu nyumbani ni hivi" nilimpigania, yule aliyenyamaza nilidhani ni utoro. Kama yeye unamwogopa tafuta mwalimu wa ushauri, kama hakuna tafuta yule mama wa jikoni anayekujua jina, mtu mzima mmoja tu ndani ya hiyo shule ajue.

Najua ukibaki shule kuna hatari yake pia na sitaki kuipamba. Kuna jioni mtalala na uji. Mama anaweza kuamka siku moja ashindwe hata na zile siku mbili. Unaweza kumaliza na alama ambayo haikufurahishi na kiti cha madam kikawa kimeshachukuliwa, ukajiuliza ulikuwa unangoja nini. Hayo yanaweza kutokea. Na ukitoka, nyumba inaweza kutulia kweli, mama akapona, ndugu yako akaketi darasani akiwa ameshiba. Hata hilo linaweza kutokea. Mimi niko mbali, siwezi kulala njaa kwa niaba yako, kwa hivyo siwezi kukuamulia.

Ninachokuomba ni kimoja kabla ya kumjibu madam. Ongea na mama. Usimwendee na uamuzi, mwendee na barua hii kama maneno yanakataa kutoka, umeiandika kwa simu yake baada ya yote. Mwambie na habari ya Ijumaa, itauma lakini ikitoka kwako itauma kidogo kuliko ikitoka shuleni. Chagua siku ambayo hajafua. Anaweza kukasirika kwanza, mwache akasirike. Anaweza kulia. Anaweza kukuambia kitu hujawahi kufikiria, pengine ana dada yake ushago angeweza kusaidia lakini ameona aibu kuomba, pengine kuna kazi ya kuketi anaweza kufanya, kuchambua mboga, kulinda watoto wa wanaoenda kazini, ambayo amekuwa akiipuuza kwa sababu anadhani nyinyi mko sawa na pesa ya Jumamosi. Yeye naye anafanya hesabu zake usiku, na kwa hesabu zake wewe uko darasani kila Ijumaa.

Ndugu yako awepo kama mama atakubali, hata kama ni mdogo.

Halafu niandikie tena, hata mistari miwili, uniambie mama alisema nini na madam alijibu nini kuhusu 2027. Nitakuwa nikiiangalia hiyo barua.

Wako, Anti